Mtoto Asiyelia

Wazazi huniuliza: mtoto aliyezaliwa kimya baada ya uchungu mrefu, akili yake imekwisha kufa? Mimi ni katekista, si munganga, lakini huitwa mara nyingi kwenye maternite kubatiza watoto walio hatarini, tena nimewauliza wakunga mengi.

Mkunga hutazama mambo matano: moyo, pumzi, rangi ya mwili, nguvu ya viungo, na kama mtoto akunja uso akiguswa. Kila moja hupata 0, 1 ao 2, katika dakika ya 1 na ya 5. Munganga wa Marekani, Virginia Apgar, ndiye aliyeitunga hesabu hiyo mwaka 1952. Wengine wakisikia «amepata tatu» hudhani ni hukumu. Sivyo. Hesabu hiyo peke yake haisemi kwamba ubongo umeumia.

Ubongo huumia ukikosa hewa na damu, na alama zake huonekana katika saa na siku za kwanza. Ndiyo maana hata mtoto aliyekwisha kulia yafaa kuangaliwa. Aweza kulegea kama kitambaa kilicholowa, ao kukakamaa, hashiki ziwa, haamki vizuri, midomo yatafuna bure, miguu yazunguka kama ya mpanda kinga. Mabibi huchekelea: «Atakuwa mchezaji wa mpira!» Kumbe huenda ni degedege. Mpelekeni upesi, hata usiku, hata kama amekwisha kubatizwa. Ubatizo si ruhusa ya kuzika, ndugu zangu!

Wengine wamesikia kwamba Ulaya watoto hao hupozwa mwili kwa siku 3. Ni kweli, katika nyumba zenye mashine na wanganga wa kuwalinda. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, ulionyesha kwamba waliopozwa walikufa zaidi. Basi, asiwepo mtu wa kumwacha mtoto uchi kwenye baridi. Akaushwe, afunikwe.

Wenye alama ndogo, wengi hupona kabisa. Kwa wengine munganga mwenyewe hawezi kusema mapema. Hungoja aone kama mtoto ashika shingo, kama aketi. Mtaani petu yuko mmoja wa miezi 8, bado haketi. Mama yake humpeleka kila mwezi, akitembea saa mbili. Mume wake alikuwa akisema ni kazi bure. Mwezi uliopita alimbeba yeye.