Kutoka Kalundu Hadi Sange: Kwenye Misumari Tushuke

Anayetoka Kalundu kwenda Sange hana njia nyingi za kuchagua. Upande mmoja kuna milima ya Mitumba, upande mwingine kuna ziwa Tanganyika, na katikati mji wetu wa Uvira umejipanga kwa urefu kama nguo kwenye kamba. Barabara kubwa ni moja. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba na watu, yalituonyesha sote kwamba barabara hiyo ikikatika, mji umekatika. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kutaka kusimamisha vyombo anaweka bariyeri yake juu ya barabara hiyo, na sisi wamama tunaopanda pikipiki hatuna pengine pa kupita.

Safari yenyewe wengi wetu tunaijua. Asubuhi huko Kalundu wenye ndagala wanafunga mizigo. Pikipiki inavuka Kalimabenge, inavuka Mulongwe, inafika Kavimvira. Hapo wanaokwenda Gatumba na Bujumbura wanashika mkono wa kuume kuelekea mpaka. Sisi wa bonde la Ruzizi tunaendelea Kiliba, penye kiwanda cha sukari, kisha Runingu, hadi Sange. Milima inabaki kushoto, upepo ni mzuri, mtoto analala mgongoni. Halafu motari anapunguza mwendo: mbele kuna bariyeri.

Bariyeri si za namna moja. Kuna mti unaoinuliwa. Kuna kamba, nayo jioni haionekani, tena inakuja usawa wa shingo. Na kuna ubao au chuma chenye misumari inayotazama juu, kimelazwa katikati ya barabara na kuacha nafasi ndogo pembeni. Gari linangoja kivutwe. Pikipiki inaona ile nafasi ndogo na inataka kujipenyeza.

Katika miji mikubwa ya ng'ambo, baadhi ya maegesho ya magari yana meno ya chuma kwenye njia ya kutokea. Meno yale yamefungwa kwa springi: gurudumu likija kutoka upande wake, yanalala, likija kinyume au likirudi nyuma, yanasimama na kutoboa. Mwendesha pikipiki anapaswa kuyapita polepole, amenyooka, bila kusimama juu yake wala kurudi nyuma. Misumari ya barabarani kwetu haina springi. Haina upande wa kwenda wala wa kurudi, haijui pikipiki iliyolipa na isiyolipa. Kwa hiyo juu yake hapapitwi hata polepole. Ni kungoja ivutwe, au kupita pembeni penye nafasi ya kutosha kabisa.

Mpira wa pikipiki zetu una mpira mwingine ndani wenye upepo. Msumari ukiingia, upepo unaweza kuisha mara moja. Ukiwa wa mbele, usukani unakataa kutii. Ukiwa wa nyuma, mkia unayumba huku na huku. Motari akishika breki kwa nguvu hapo, wote mnaanguka, naye aliyekaa nyuma anaweza kuumia vibaya. Mtoto wa mgongoni hana hata kaske.

Basi dawa ya kwanza iko mikononi mwetu: tukiona misumari, tushuke. Tutembee hatua chache, motari apitishe pikipiki ikiwa nyepesi, amenyooka, kwa mwendo wa mtu anayetembea, macho kwenye nafasi, si kwenye misumari. Tukutane upande wa pili.

Tunajua kwa nini wengi hawashuki. Motari ana haraka, ananung'unika kwamba tunampotezea wateja. Na mama akisimama chini, anaogopa kuitwa pembeni, kuulizwa kadi, kuombwa faranga ambazo ndizo faida yote ya siku. Kwenye pikipiki anajiona kama amepita bila kuonekana. Hofu hiyo ina sababu, hatuidharau. Lakini tuipime vizuri. Mwenzetu mmoja alishuka jioni moja akiwa na mtoto wa mwaka mmoja, motari akajipenyeza peke yake na mzigo. Mpira wa nyuma ulipasuka, pikipiki ikalala, ndagala zote zikamwagika mchangani. Alilia kwa ajili ya mtaji wake. Alilia huku mtoto akinyonya, mzima.

Ili kushuka kusiwe vita, mambo yapangwe kabla ya kupanda. Tumwambie motari mapema: "Ndugu, kwenye bariyeri mimi nashuka, na bei ni ile ile." Akikataa, tumwache, tutafute mwingine. Kadi iwe mahali pa kushika upesi, si chini ya fundo la kikwembe ambalo lazima ulifungue mbele ya watu. Ikiwezekana tusafiri wawili wawili, pikipiki mbili zikifuatana, ili anayeshuka asisimame peke yake. Kikwembe kifungwe vizuri kisiguse mnyororo. Mzigo ufungwe kwenye pikipiki, usishikwe mkononi, maana mikono ni ya kushikilia na ya mtoto. Na tuondoke Sange mapema: giza likiingia, kamba na misumari huonekana mtu akiwa ameshafika juu yake.

Mpira ukipasuka tukiwa bado juu, tusiruke. Tukae tumenyooka, tusiegemee upande, tumwache motari aachie mafuta taratibu, pikipiki isimame yenyewe pembeni ya barabara.

Kina mama wa vikundi, jambo hili mtu mmoja hawezi kulifanya desturi. Mama mmoja akishuka, anaonekana mwoga. Wamama wote wa soko wakishuka, wamotari watazoea kusimama bila kuambiwa, kama walivyozoea kusimama kwenye kivuko maji ya mto yakijaa. Tulizungumzie kwenye kikao kijacho cha kila kikundi, na watoto wetu wakubwa wanaoendesha pikipiki tuwaite nao wasikilize.