Nilivyoisingizia Kompyuta

Wahenga walinena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi, lakini sikudhani kuwa siku moja mbaazi ningekuwa mimi.

Muhula uliopita Mwalimu wetu wa Hesabu alinipa kazi mimi na mwenzangu wa Kidato cha Pili. Tulitakiwa kuyakusanya mahudhurio ya mwaka mzima katika kompyuta ya shule na kuyatoa kwa orodha moja. Mwenzangu aliingiza majina, nami nikaandika programu kwa lugha ya Java. Nilipoijaribu kwa darasa moja na juma moja, ilimaliza kazi kufumba na kufumbua. Nikajiona bingwa.

Siku ya kuionyesha mbele ya walimu ikawadia. Wanafunzi ni wapatao 600 na siku za masomo karibu 200. Basi orodha ilikaribia mistari 120,000. Nikaiamrisha mashine ianze. Dakika moja ikapita, kisha mbili, hata zikatimia nane. Jasho lilinitoka.

“Mashine hii imezeeka, Mwalimu,” nilisema. Kisha, kwa aibu yangu, nikaongeza kuwa labda mwenzangu alikosea kuingiza majina. Yeye aliinamisha kichwa asinene neno. Walimu wakapatana kuwa katika mkutano wa wazazi litolewe ombi la mchango wa kununua kompyuta nyingine.

Usiku ule sikupata usingizi. Baba yangu ni mkulima, nami najua mchango wa shule hutoka wapi. Kulipokucha nilimwendea Mwalimu, nikamwamkia na kumwomba tuipitie programu yangu mstari kwa mstari.

Alipofika mahali nilipounganisha kila mstari mpya na maandishi yaliyotangulia, aliweka kidole. “Kijana,” alisema, “waza kiranja anayeandika majina katika daftari. Kila apatapo jina jipya, hachukui kalamu akaliongeza chini. Hununua daftari jingine, akanakili majina yote ya nyuma, akaongeza hilo moja, kisha akalitupa daftari la zamani. Wewe umefanya hivyo mara 120,000.”

Ndipo nikafahamu. Katika Java maandishi yakishaundwa hayabadiliki. Ukiyaongezea herufi, huundwa maandishi mapya na yote ya awali hunakiliwa. Tulipiga hesabu pamoja. Kila mstari ulikuwa na herufi kama 30, hivyo orodha nzima ilikuwa na herufi 3,600,000 tu. Lakini kwa njia yangu, kompyuta ilinakili herufi zipatazo bilioni 216!

Tena, madaftari yaliyotupwa hayapotei yenyewe. Katika lugha kama C, mwandishi wa programu ndiye anayeirudisha mwenyewe nafasi ya kumbukumbu aliyoiomba. Katika Java yuko mzoa taka, yaani sehemu ya mfumo wake inayotafuta vitu visivyotumiwa tena na kuikomboa nafasi yao. Maarifa haya si mageni. John McCarthy wa Marekani aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1960 juu ya lugha ya Lisp. Lakini mzoa taka naye hutumia nguvu za mashine, na mara nyingine programu yote husimama kidogo kumpisha, kama sisi tunavyoacha masomo kengele ya usafi inapolia.

Mwalimu alinionyesha StringBuilder, ambayo ni kama daftari moja lenye kurasa za akiba. Kurasa zikiisha, huchukuliwa daftari kubwa zaidi, na kunakili huwa kwa nadra. Nilibadili mistari minne tu. Mashine ile ile “iliyozeeka” ilimaliza kazi kwa sekunde mbili.

Kwa furaha nilitaka kuipekua programu yote ili nisiunde kitu kipya popote. Mwalimu akanizuia. Alisema kuwa kuunda kitu kidogo katika Java ni rahisi mno, kwani mara nyingi ni kusogeza tu alama ya nafasi iliyo wazi. Tena mfumo umetengenezwa ukijua kuwa vitu vingi havidumu, na huviondoa vile vya muda mfupi kwa gharama ndogo. Hasara huja pale tunapounda vikubwa bila haja, au vingi kupita kiasi ndani ya kazi inayorudiwa maelfu ya mara. “Pima kwanza,” alisema, “ndipo ukate.”

Lakini lilibaki jambo moja ambalo halikutengenezeka kwa mistari minne. Siku ile ile nilisimama mbele ya walimu walewale, nikasema kuwa mashine haina kosa na mwenzangu hana kosa. Kosa lilikuwa langu. Ombi la mchango likafutwa. Mwenzangu nilimtaka radhi mbele ya darasa lake, naye akanipa mkono.

Ndugu wasomaji, programu yenu ikienda polepole, msiharakishe kulilaumu jua. Tazameni kwanza mizizi ya mbaazi wenu.