Nilienda kinamasini kweli

Wapendwa, najua nimepotea. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa huu. Leo nimerudi na kisa cha mwaka jana ambacho sikuwahi kukiandika kwa sababu kinaniaibisha. Ila wiki hii wameingia Watanzania wawili wapya hapa chuoni, nikaona bora niseme, asije mwingine akayarudia.

Nilifika hapa Gainesville, Florida, mwezi wa nane. Wiki ya tatu tu tukapata msiba. Dada mmoja wa Tukuyu, anasoma shahada ya uzamivu, alifiwa na mama yake. Sisi wote tunamwita Dada Mkubwa, maana ndiye aliyetupokea kila mmoja wetu, ndiye anayejua duka lenye unga wa ugali. Tukachanga. Mimi nikapewa kazi ya kupita vyumba vya jengo letu na bahasha. Usiku ule bahasha ikalala kwangu, imeshiba, na ujumbe ukaingia kwenye simu: tunamsindikiza Dada, gari linaondoka The Swamp saa 11 alfajiri, usichelewe, ndege iko Orlando.

Sasa mimi, mtoto wa watu, nikafungua kamusi. Swamp: kinamasi. Nikajisemea, hapo napajua. Ndani ya chuo hiki kuna ziwa linaitwa Lake Alice, pembeni limejaa majani na matope, na lina mamba. Kweli kabisa, mamba wanaishi chuoni, kuna na mabango ya kukuonya. Kama hicho si kinamasi, kinamasi ni kipi?

Saa kumi na nusu nikawa nimeshafika. Giza. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba za mbao ndefu juu ya nguzo, chuo kiliwajengea popo, na alfajiri ile popo walikuwa wanarudi kulala. Mimi nimesimama na bahasha kifuani, naangalia maji, nasikiliza kama kuna kitu kinatambaa. Saa 11 ikafika. Hakuna gari. Saa 11 na dakika kumi, hakuna mtu. Simu yangu wakati ule haikuwa na laini ya hapa, nilikuwa nadandia intaneti ya majengo ya chuo. Ukitoka nje tu, kwisha habari.

Akapita mzee mmoja anakimbia mazoezi. Nikamsimamisha, nikamuuliza kwa adabu zote, samahani mzee, hapa ndiyo The Swamp? Alicheka mpaka akashika magoti. Akanielekeza: uwanja wa mpira, kule kwenye barabara ya University Avenue.

Ndugu zangu, uwanja ule nilikuwa naupita kila siku nikienda darasani! Lakini kwenye ramani niliyopewa siku ya kwanza umeandikwa Ben Hill Griffin Stadium, na mimi nikaukariri hivyohivyo kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Nikatimua mbio. Nilipofika, jasho linanitoka, gari lilikuwa limeondoka dakika tano nyuma. Walinisubiri, wakanipigia, hawakunipata. Ndege haisubiri mtu.

Dada Mkubwa akaenda kumzika mama yake bila ile bahasha. Hela tulimtumia kesho yake na ilifika, lakini nauli ya kutoka Dar mpaka Tukuyu alikopa kwa mtu aliyekutana naye safarini. Na kuna waliosema, si mbele yangu, kwamba yule mgeni kaingia mitini na hela za msiba. Hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya hapo nikawa na hasira na jina hilo, nikaanza kulichimba. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1930, umekaa kwenye korongo, ndiyo maana ukiingia sehemu ya kuchezea iko chini kuliko barabara. Wakati huo uliingiza watu kama 22,000 hivi na jina lake lilikuwa Florida Field, na ulitolewa kuwa kumbukumbu ya watu wa Florida waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1989 ukapewa jina la Ben Hill Griffin, tajiri wa mashamba ya machungwa na ng'ombe, aliyesoma hapa na kukichangia chuo sana. Halafu mwaka 1990 akaja kocha Steve Spurrier. Huyu alichezea uwanja huohuo, akachukua tuzo ya Heisman mwaka 1966, ile ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Timu inaitwa Gators, yaani mamba. Spurrier akawaambia watu kwamba mamba makazi yake ni kinamasini, na mgeni akiingia humo hatoki salama. Ndo ikawa The Swamp. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna hati. Watu walilipenda tu.

Mwaka 2016 chuo kikamuenzi naye, kwa hiyo sasa jina rasmi ni Steve Spurrier-Florida Field at Ben Hill Griffin Stadium. Jaribu kulitamka ukiwa unakimbia! Yaani nyasi zina jina lake na jengo lina la kwake. Kinachonichekesha ni kwamba aliyetunga jina la mtaani naye kaishia kuwekwa kwenye jina rasmi ambalo watu hawaliiti, kwa sababu wote wanatumia lile alilotunga yeye.

Nchi hii wana ugonjwa huo kila mahali. Uwanja wa Michigan, unaochukua zaidi ya watu 107,000, wenyewe wanauita The Big House, nyumba kubwa. LSU cha Louisiana na Clemson cha South Carolina kila kimoja kinauita uwanja wake Death Valley, bonde la mauti, na mashabiki hawachoki kubishana nani mwenye haki nalo.

Lakini nani nimcheke? Mimi nimekulia Temeke. Babu yangu akisema "Taifa", anamaanisha uwanja wa zamani, ambao jina lake sasa ni Uhuru na vijana wanauita Shamba la Bibi. Mama akisema "Taifa", anamaanisha ule mkubwa wa jirani, wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007. Mdogo wangu hasemi Taifa kabisa, anasema "Kwa Mkapa", au Lupaso, kijiji alikozaliwa mzee wetu, maana mwaka 2020 baada ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa kufariki uwanja ukapewa jina lake. Watu watatu nyumba moja, na wote wanaelewana, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ana umri gani. Mgeni kutoka Florida ukimwambia mkutane Shamba la Bibi, si atakuja na jembe?

Zamani ningesema jina la watu ndilo la kweli, lile rasmi ni la wakubwa na matajiri. Siku hizi nasita. Lile rasmi ndilo lililokuwa limeandikwa kwa ajili yangu mimi nisiyejua kitu. Na ndani yake, katikati pale, yamebaki maneno mawili ya Florida Field, ya wale waliokufa vitani, ambayo The Swamp haiyabebi hata kidogo. Lakini nao wenyeji hawakunifanyia ubaya. Mtu akishazoea jina husahau kwamba kuna wakati naye alikuwa halijui. Kosa lilikuwa langu, niliona aibu kuuliza. Nilitaka nionekane nimeshakuwa mwenyeji.

Dada Mkubwa aliporudi nilimfuata kwake kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanikatisha, "Mdogo wangu, ungeuliza tu." Halafu akanipa kazi ya kukatakata vitunguu.

Tangu siku hiyo nikimwelekeza mgeni nampa majina yote mawili, lile la kwenye ramani na lile la mdomoni, na namwonyesha kwa kidole kabisa. Wale wapya wawili nimeshawapeleka Jumapili, tukasimama nje ya geti. Mmoja akauliza, "Sasa kinamasi chenyewe kiko wapi?" Nikawapeleka na Lake Alice pia, wakaone.

Haya, na wewe hapo ulipo, uwanja wa chuo chako wenyeji wanauitaje, na ramani inasemaje? Nawatakia wiki njema. Ngoja nirudi kwenye vitabu.