Majina Ukutani



Wapendwa wasomaji, juma hili sitaandika juu ya masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yangu. Nina jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nami nimeona heri niliweke hapa kabla halijapoa.

Kijana mmoja wa parokiani, mwanafunzi wa chuo, alinialika kwenye mhadhara wa wazi hapa mjini kuhusu masinagogi ya kale na makanisa ya Wakristo wa kwanza, kama yalivyofukuliwa na wanaakiolojia. Nakiri kwamba nilikwenda shingo upande. Nimekwisha kuketi katika mikutano mingi ya habari za Nchi Takatifu ambayo mwisho wake ni kuuziwa safari na kichupa cha maji ya Yordani. Ukumbi ulikuwa nusu tupu: wanafunzi, watawa wawili, wazee kadhaa wenye kanzu na kofia, na bwana mmoja aliyesinzia tangu mwanzo, ambaye nadhani alifuata kiyoyozi. Mhadhiri alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hakuwa na kitu cha kuuza.

Alianzia Kafarnaumu. Katika Injili ya Marko tunasoma kwamba Yesu alitoka katika sinagogi akaingia nyumbani kwa Simoni, nasi twapita haraka ili tufike kwenye homa ya mkwewe. Mhadhiri alituonyesha kwamba kati ya sinagogi na nyumba ile ni hatua chache tu. Mwaka 1968 Wafransisko, wakiongozwa na Padre Virgilio Corbo, walianza kuchimba pale, na chini ya kanisa la pembe nane la karne ya 5 wakakuta nyumba ya kawaida kabisa: kuta za mawe meusi yasiyochongwa, sakafu ambayo ndani yake mlipatikana ndoana za kuvulia samaki, na chumba kimoja ambacho, tofauti na vingine, kilipakwa lipu tena na tena, hata wageni wakaandika maneno yao juu ya lipu hiyo. Sinagogi zuri la mawe meupe linaloonekana leo silo alilofundishia Bwana. Wataalamu wengi huliweka katika karne ya 4 au ya 5, lakini limekalia misingi ya mawe meusi iliyo ya kale kuliko lenyewe.

Kuta zile, alisema, zisingeweza kubeba paa zito. Paa lilikuwa la miti, nyasi na udongo. Miaka yote nimehubiri juu ya wale watu wanne waliotoboa dari wamteremshe mgonjwa wao, nami kichwani naona zege! Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya udongo angenisahihisha, lakini nani atamsahihisha paroko mimbarini?

Kisha akaja Dura-Europos, na hapo ndipo usingizi wangu (maana nami nilikuwa nao) uliponitoka. Ulikuwa mji mdogo wa ngome juu ya mto Eufrate, katika Siria ya leo. Mwaka 1920 askari wa Kiingereza waliokuwa wakichimba mahandaki walifukua picha za rangi ukutani, na baadaye, kuanzia 1928 hadi 1937, Chuo Kikuu cha Yale kikishirikiana na wataalamu wa Kifaransa kilichimba pale. Katika mtaa ulioambaa ukuta wa mji walikuta nyumba waliyosalia Wakristo na, mbali kidogo, sinagogi. Vyote viwili vilianza kuwa makazi ya watu. Sinagogi lilikuwa limepambwa kuta zote: kutoka Misri, Ester na mfalme, ile mifupa mikavu ya nabii Ezekieli ikiinuka. Nyumba ya Wakristo ilikuwa maskini zaidi. Unaingia kutoka mtaani kwa mlango mmoja, unapita njia nyembamba, unatokea uani, na vyumba vimeuzunguka ua huo. Wakristo walibomoa ukuta mmoja kati ya vyumba viwili wapate nafasi ya watu sabini hivi, wakakigeuza chumba kingine kidogo kuwa cha ubatizo, na juu ya kisima chake wakachora Mchungaji Mwema. Karibu na hapo wakamchora yule aliyepooza akijitwika kitanda chake. Kwenye lipu mbichi mtu alikuwa ameandika mwaka, ambao kwa hesabu yetu ni 232 au 233.

Tena walikuwa wameandika majina. Hayakuwa ya maaskofu wala ya mashahidi wa imani. Mmoja, Proklo, aliomba tu kwamba wenzake wamkumbuke, na hatujui lolote jingine juu yake.

Karibu na mwaka 256, wakitazamia kuzingirwa na Waajemi, askari wa Kirumi waliuimarisha ukuta wa mji kwa kuujaza mtaa ule udongo na kifusi. Nyumba ya Wakristo na sinagogi vikafukiwa pamoja. Mji ulianguka hata hivyo, watu wakatoweka, lakini picha na majina vikadumu chini ya kifusi kwa zaidi ya miaka 1,600. Leo picha za sinagogi zimo katika makumbusho ya Damasko, na zile za chumba cha ubatizo zilipelekwa Yale, Marekani. Magofu yenyewe yaliporwa vibaya katika vita vilivyoanza 2011.

Wakati wa maswali mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alisimama akauliza, "Na sisi huku pwani, je, hakuna kilichopatikana?" Mhadhiri akafurahi mno, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. Akaeleza habari za Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wa mawe. Akakuta msikiti chini ya msikiti, hadi akafikia kijumba cha miti cha karne ya 8, kidogo kabisa, cha watu wachache. Akataja pia Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo Waomani waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yangali ndani ya kuta za ngome. Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe ulianza na miti," akasema, akaketi.

Mimi sikuuliza swali. Mhadhiri alipouonyesha mchoro wa nyumba ya Dura nilikuwa nimeitambua nyumba hiyo. Mlango wa mtaani, ukumbi mwembamba, vyumba huku na huku, ua nyuma: hiyo ni nyumba ya Kariakoo. Nami naijua mojawapo, au niseme niliijua.

Ilikuwa kati ya Mtaa wa Msimbazi na soko, nyumba ya vyumba sita yenye baraza mbele na jiko uani, kuta za miti na udongo zilizopakwa chokaa. Mwenyewe nitamwita Bibi tu, na wanaomjua watamjua. Marehemu mumewe alikuwa karani wa reli. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu, na miaka miwili baadaye jumuiya ya mtaa ule ilianza kusali ukumbini mwa nyumba hiyo, watu wakiketi juu ya majamvi ya kuazima kwa jirani yao Mwislamu. Karani ni karani. Yule mzee alianza kuandika kwa penseli, ukutani, kwenye kipande kinachoelekea uani: jina la kila mwanajumuiya aliyebatizwa, aliyefunga ndoa, aliyefariki, pamoja na mwaka. Chokaa ilipopakwa upya, sehemu ile iliachwa. Nimesoma majina yale mara nyingi nikingoja watu watimie, maana jumuiya zetu na saa hazijapatana hata leo.

Mwaka 2019 watoto waliafikiana kuiuza nyumba. Mimi mwenyewe niliombwa kuwasuluhisha, nikawasuluhisha, na sijutii hilo. Bibi alikuwa amezeeka na paa lilikuwa likivuja. Siku tuliyomaliza mazungumzo alinisindikiza hadi barazani akaniambia, "Baba, kabla hawajavunja, njoo na simu yako uupige picha ukuta wa mzee."

Nikamjibu, "Nitakuja Bibi, juma hili hili."

Simu ilikuwa mfukoni. Wasomaji wangu, tulikuwa tumesimama hatua kumi kutoka kwenye ukuta huo na simu ilikuwa mfukoni. Lakini palikuwa na kikao cha halmashauri ya walei saa kumi na moja, nami sikutaka kuchelewa. Juma lile likaja na semina ya wachumba, lililofuata na mafungo ya mapadri, la tatu nikasahau. Alhamisi moja nilipita pale nikimpelekea mgonjwa Komunyo, nikakuta uzio wa mabati na ndani yake kijiko kikichimba msingi. Chini ya ghorofa iliyosimama pale sasa hakuna kifusi kilichohifadhi chochote. Kifusi cha Kariakoo hupakiwa kwenye malori usiku na kumwagwa mabondeni.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vikongwe kuliko nyumba ile, na sisi viongozi wa Kanisa tunatunza vizuri kiasi yale ya mawe: kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale bandarini, majengo ya misioni ya Bagamoyo iliyoanza mwaka 1868. Kuna maparoko wenzangu ambao hata hayo ya mawe huyaonea uchungu wa kuyabomoa ili wajenge makubwa zaidi. Lakini ukuta wa udongo wenye maandishi ya penseli haumo katika orodha ya mtu yeyote. Ulikuwa katika orodha yangu mimi peke yangu.

Bibi hakuwahi kunitajia jambo hilo. Kila nilipompelekea Komunyo huko Mbagala, anakoishi na binti yake, tulizungumza juu ya miguu yake na wajukuu. Miaka ikapita hivyo.

Jumatano iliyofuata mhadhara nilipanda daladala nikaenda. Nilimkuta kibarazani akichambua mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Tumsifu Yesu Kristo kwanza, Baba. Shikamoo itafuata."

Nikamsimulia habari za Dura, ua wake, chumba cha ubatizo na jina la Proklo. Alisikiliza bila kuacha mchele wake. Kisha akauliza, "Hao Wazungu waliwalipa wenye nyumba?" Nikasema wenye nyumba walikuwa wamekwisha kufa karne nyingi. "Basi sisi tuna nafuu," akasema, "mimi ningali hai."

Hapo nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, lakini yalitoka vibaya. Akaniacha nimalize.

"Nilikungoja, Baba," akasema. "Siku zile za mwisho nilikuwa natoa kiti nakaa mlangoni. Halafu nikasema, padri ana watu wengi."

Hakuongeza neno la kunifariji, wala mimi sikustahili kuambiwa si kitu. Akasukuma ungo pembeni, akauliza kama nina kalamu.

Hakuanza kwa miaka wala kwa alfabeti. Alifumba macho, akainua mkono usawa wa bega kama mtu anayepita ukumbini gizani kwenda uani, na kila mkono uliposogea alitaja jina. Huyu yuko juu kwa sababu mzee alipanda kigoda. Hawa wawili wako pamoja, walioana. Huyu mzee alimwandika kwa kukosea, akamfuta kwa mate, alama ikabaki. Nikaandika majina ishirini na mawili. Daftari la ubatizo la parokia lina maelfu ya majina, lakini halisemi nani aliketi kwenye jamvi gani.

Chini ya swichi ya taa mkono ulisimama. Palikuwa na mwanamume, fundi cherehani aliyetoka Songea, akabatizwa Pasaka ya 1983, na hakukaa sana akafariki. Jina halikuja. Akalitafuta mpaka nikamwomba aache. "Kamuulize jirani," akaniambia. "Yule alikuwa akimshonea kanzu."

Jirani angali Kariakoo, na duka lake limo sasa katika ghorofa ya mtu mwingine. Alimkumbuka mara moja: mfupi, mcheshi, hakopeshi. Hata majamvi alikuwa akija kuyachukua yeye, jioni ya jumuiya, na kuyarudisha yamekung'utwa. "Lakini sisi tulimwita Fundi," akasema kwa masikitiko. "Jina lenu la kanisani sikulijua kamwe." Akanishika mkono kwa muda, akasema atawauliza wazee wenzake msikitini.

Jana usiku nililifungua daftari la ubatizo la mwaka ule. Pasaka ya 1983 parokia ilibatiza watu wazima arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati yao walikuwa wanaume. Kazi zao hazikuandikwa, wala mahali walikotoka. Nimeyanakili majina yote kumi na tisa kwenye karatasi. Jumatano nitakwenda tena Mbagala nimsomee Bibi, jina moja moja, polepole, mpaka aniambie nisimame.