Mwenyewe

Gari hilo, Land Rover ya enzi za Mwalimu, nililinunua Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Mbeya. Nia yangu ilikuwa kulifufua. Miezi minane nyumbani Njombe nilikwangua kutu, nikanyoosha bodi, nikalishonea viti upya. (Vipuri vyake si vya kuokota.)

Siku ya ukaguzi ikabainika kuwa namba ya chasisi imegongwa juu ya nyingine. "Mwenyewe ni nani?" akauliza askari. Nikajibu, "Nimelitengeneza mwenyewe."

Yeye aliuliza milki, mimi nikajibu jasho. Kiswahili kimeyahifadhi mawili hayo katika neno moja, sheria huyatenganisha. Asiyemiliki hana cha kuuza, hata mnunuzi awe na mkataba na nia safi. Muuzaji, bila shaka, hakupokea simu tena.

Aliyekuja kulichukua ni mama mjane. Nikamwamkia. Akaipapasa ile rangi ya kijani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nikulipe kiasi gani?"

Sikuweza kutaja bei. Nilimpa ufunguo, pamoja na kopo la rangi iliyobaki.