Kanzu ya Nabii Yusufu na Barua ya Binti Yetu

Baada ya swala ya Alasiri alitujia ofisini binti mmoja aliyesoma madrasa yetu kabla ya kwenda chuo kikuu kusomea kemia. Alikuwa akiomba nafasi ya shahada ya uzamili katika sayansi jinai, yaani elimu ya kuchunguza damu, sumu, alama za vidole na vinasaba ili hakimu apate ushahidi. Barua mbili za walimu wake alikuwa nazo. "Ustadh," alisema, "wanataka na barua ya mtu anayeujua mwenendo wangu."

Tulimwahidi. Kisha tukaiweka bahasha yake mtotoni mwa meza, na siku tisa zikapita. Tunakiri kwamba hatukusahau. Baba yake, mzee tunayemheshimu, alikwisha kutunong'oneza kuwa hapendi binti yake ashinde na maiti na habari za wauaji. Nasi tukaona salama kunyamaza mpaka muda wa maombi upite wenyewe.

Siku ya kumi tulifungua daftari la mazishi kwa haja nyingine, tukakutana na maandishi ya mkono wetu: "Mwanamume. Jina halikujulikana. Shati la bluu." Hospitali ilitukabidhi maiti asiye na mwenyewe, tukamwosha, tukamkafini, tukamswalia, tukamzika. Miezi saba baadaye alikuja mama mmoja kutoka mbali akimtafuta mwanawe. Tulipomtajia shati, alisema mwanawe alikuwa nalo la namna hiyo; lakini mashati ya bluu ni mengi. Akaondoka bila kujua amlilie au amngoje. Mkwewe naye hakujua kama akae eda, wala mirathi haikuweza kugawanywa.

Hapo tulikumbuka kisa tunachokisomesha kila mwaka. Nabii Yusufu (AS) aliposingiziwa, shahidi alielekeza watu waitazame kanzu: imechanika mbele au nyuma? Ilikutwa imechanika nyuma, na ukweli ukadhihiri. Na tunasoma kwamba Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua mwaka 1984 njia ya kuwatambua watu kwa vinasaba. Ilipotumika katika kesi ya mauaji ya wasichana wawili nchini humo, kwanza ilimwokoa kijana asiye na hatia aliyekwisha kukiri mauaji ya mmoja wao. Muuaji wa kweli alihukumiwa baadaye, mwaka 1988.

Usiku ule tulimfuata mzee barazani kwake, tukamsimulia habari ya yule mama. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na maiti za wanawake, huwachunguza nani?" Tukamjibu, "Yeyote aliyesoma, mzee wangu. Sisi msikitini huwaita wanawake wawaoshe wanawake wenzao. Huko nako wanahitajika." Akasema, "Basi mwandikieni."

Tuliandika kwamba tunamjua tangu utotoni, kwamba hasemi asilolishuhudia, na kwamba aliwahi kutunza hesabu za madrasa bila senti kupotea. Barua iliondoka ikisalia siku moja. Jibu bado halijafika.

Enyi wazazi na viongozi wenzetu, tuliye na shaka na njia ya mtoto tumwambie waziwazi. Kuikalia bahasha yake ni kuikataa amana kwa siri. Tunamwomba Allah (SW) atusamehe siku zile tisa, amfungulie binti yetu, na amjaalie mama yule kujua alipo mwanawe. Amin.