Pijo ya Wakfu: Kufufua Gari la Zamani kwa Pesa Kidogo



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, wengi wenu mmetuuliza habari za ile Pijo nyeupe iliyokuwa imelala nyuma ya madrasa yetu hapa Busia, na vipi ilirudi barabarani bila ya mkopo wa benki. Na tunajua wapo miongoni mwenu wenye gari la marehemu baba limekaa uani, kuku wanataga ndani yake, na familia haijui ilifanyie nini. Kwa hivyo tumeona tuandike kwa urefu kidogo, ili anayetaka kuifuata njia hii ajue pesa zinakwenda wapi na ajue pia sisi walimu na wazee tulivutana wapi.

GARI LENYEWE

Ni Peugeot 504 ya steshenwagoni, viti safu tatu. Watu wa umri wetu, wa miaka arubaini na kitu, tuliyajua magari haya tukiwa watoto, kwani ndiyo yaliyokuwa yakibeba abiria wa safari ndefu. 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka huko Ulaya. Lakini kwetu sisi sifa yake ilitoka kwenye matope ya Safari Rally. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Kabla yao 404, ndugu yake mkubwa, ilishinda mara nne baina ya 1963 na 1968, na mara mbili kati ya hizo madereva walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Baadaye 504 zikawa zinaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na hiyo ndiyo sababu mpaka leo hukosi fundi anayezijua wala spea zake ukizitafuta kwa subira.

Hii yetu mwenyewe aliitoa wakfu kwa msikiti kabla ya kufariki, Allaah amrehemu. Sharti lake lilikuwa moja tu: ibebe maiti na wagonjwa bila malipo. Ilifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka ikasimama. Ilipokaa muda bila kuguswa, baadhi ya wazee wetu walisema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, halafu tukope tununue gari dogo la Kijapani.

Hapa ndipo jambo lilipokuwa zito. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, mlango wa kuuza wakfu ni mwembamba sana. Na mkopo wenye riba hatukuutaka. Tukawaambia wazee wetu kwa adabu: kabla ya kusema gari hili limekufa, hebu kwanza tuingie chini yake tuone.

1. ANGALIA BODI KABLA YA INJINI

Watu wengi hufungua boneti kwanza. Sisi tulianza na bisibisi na nyundo ndogo. 504 haina chasi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Injini mbovu hutengenezwa, lakini bodi iliyooza inaweza kumeza pesa kuliko thamani ya gari zima. Gonga sakafu, gonga kingo za chini ya milango, gonga pale shokomzoba za mbele zinapofungwa juu. Panapolia vizuri ni chuma. Panapolia kama boksi la karatasi, hiyo ni kutu iliyofunikwa kwa puti na rangi.

Yetu ilikuwa imeoza sakafu upande wa abiria na sehemu ya nyuma, lakini juu ya shokomzoba ilikuwa nzima. Fundi wa jua kali alikata kilichooza chote na kuchomelea bati jipya. Tulimkataza kuziba tundu kwa puti. Kuziba ni rahisi leo, na mwaka ujao unarudi pale pale.

2. DAFTARI LENYE SAFU MBILI

Pesa zilikuwa sadaka za watu, na sadaka ni amana. Wanafunzi wetu wakubwa walipewa daftari lenye safu mbili, shilingi za Kenya na shilingi za Uganda, maana huku mpakani asubuhi unanunua kwa hii na jioni unamlipa fundi kwa ile. Kila risiti ilibandikwa, na kila Ijumaa mzee yeyote aliweza kulifungua akasoma. Vijana walijifunza hesabu pale kuliko ubaoni.

Kisha tukapanga foleni ya matumizi. Kwanza kusimama na kukata kona: breki, usukani, matairi. Pili injini. Tatu taa na waya. Rangi na viti mwisho kabisa, kama kitabaki kitu.

3. TULIPOVUTANA

Mfadhili wetu mmoja, mtu mwema aliyetoa zaidi ya wote, alitaka gari lipakwe rangi na kushonewa viti vipya kabla ya Idi, ili watu waone sadaka zao. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Watu wakiona kitu kinang'aa hutoa tena, na wakiona gari lile lile chakavu huuliza pesa zimekwenda wapi.

Lakini pesa zilizokuwepo zilitosha rangi au breki, si vyote viwili. Gari hili hubeba watu walio katika huzuni, na mara nyingi wanakuwa wengi ndani yake, na barabara yetu ina foleni za malori ya mizigo mchana na usiku. Tukamwambia hatuwezi. Idi ikapita gari likiwa juu ya mawe, halina magurudumu. Mfadhili wetu hakufurahi, na kwa muda alikuwa akitusalimia kwa ufupi.

4. BREKI NA MATAIRI

Steshenwagoni hii ina diski mbele na dramu nyuma. Tulifungua dramu tukazipeleka Tororo kwa fundi wa mashine ya kukereza, mzee aliyewahi kuhudumia Pijo za abiria. Dramu moja aliikereza ikawa laini. Ya pili aliipima akatikisa kichwa: imeliwa kupita kipimo, ukiikereza zaidi itapasuka. Tukatafuta nyingine.

Tulibadilisha pia mipira yote ya breki na mafuta yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakipata joto yanachemka, pedali inashuka mpaka sakafuni. Yabadilisheni kila baada ya miaka 2 hata kama gari ni jipya.

Na matairi, ndugu zetu, msidanganywe na meno. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Ukisoma 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sokoni tuliuziwa maneno matamu juu ya matairi yenye meno mazuri ambayo yalikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wanafunzi wetu.

5. INJINI

Hapa tulipata nafuu. Injini ya petroli ya 504 ina slivu za kuchomolewa. Silinda ikilika, unatoa slivu ya zamani na pistoni yake, unaweka mpya, bila ya kutoboa bloku upya. Silinda hedi ni ya aluminiamu na ilikuwa imepinda kwa joto, nayo ikaenda Tororo kusagwa uso. Tuliomba pia siti za valvu zilizo ngumu, kwa sababu injini za zama hizo zilizoea petroli yenye risasi, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Kwenye rejeta sasa tunaweka kulanti. Maji matupu ya bomba hula aluminiamu.

6. SPEA YA USIKU

Giaboksi ndiyo iliyotutesa. Kijana mmoja alikuja baada ya Isha na giaboksi safi kabisa, kwa bei ya chini ya nusu. Tulimwomba risiti, hana. Tukamuuliza imetoka gari gani, akasema tusijali. Mpakani petu kila mtu anajua maana ya maneno hayo: kuna mtu upande mmoja wa mpaka ameamka akakuta gari lake juu ya mawe.

Tulimrudisha. Fundi alilalamika kwamba kazi imesimama, na ilisimama kweli, wiki kadhaa. Mwishowe tukapata nyingine Kampala, soko la Kisekka, dukani kwa mtu mwenye jina na karatasi, kwa bei iliyomaliza pesa za viti. Tungeona haya kumlaza maiti wa Kiislamu katika gari linalokwenda kwa mali ya mtu mwingine.

7. VITU VIPYA KATIKA GARI LA ZAMANI

Tuliongeza vichache tu. Platini ilitolewa ikawekwa mfumo wa kielektroniki wa kuwashia, na sasa linawaka asubuhi ya baridi bila kusukumwa. Taa za mbele zimepewa rilei na waya mnene kutoka kwenye betri, mwanga ukaongezeka. Mikanda ya usalama imefungwa viti vyote. Na kwa kuwa huvuka mpaka, karatasi zake ziko sawa, ikiwemo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima inayokubalika pande zote mbili.

ILIVYO SASA

Mlango mmoja una rangi tofauti, viti vina viraka, na klachi itataka kazi mwakani. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumchukua mama mmoja aliyefariki Tororo, kumrudisha kwao azikwe kabla ya Alasiri. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanawe walikaa safu ya kati, hakuna aliyeangalia rangi ya mlango. Mfadhili wetu alikuwepo makaburini. Alizunguka gari mara moja, akainama akatazama chini, hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata aliliomba daftari akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akalirudisha. Hajatoa tena mpaka leo, na sisi hatukumwomba.

Basi wewe mwenye gari uani, kabla hujaita mnunuzi wa vyuma, mwite mwanao, shikeni bisibisi na nyundo, mpige magoti mkaanze na sakafu.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam Alaykum.